U Yetu Si Thou Yao

Imezuka siku hizi, miongoni mwa wahariri wa vitabu vya shule na baadhi ya walimu wa Kiswahili, rai moja ambayo kwa nje yaonekana ya hekima na kwa ndani haina kitu. Rai hiyo yasema kwamba maneno kama "u mgeni?", "u mtu wa wapi?", "m wazima?", "ndiwe", "uendaye" na jamaa zake ni masalio ya lugha iliyokufa, kwamba yamekufa kama ilivyokufa "thou" ya Kiingereza pamoja na vitenzi vyake, "art", "hast" na "speakest", na kwamba mtu achapaye upya hadithi za wazee wa Mrima hana budi kuyaondoa na kuweka mahali pake "wewe ni" na "wewe ambaye unaenda", ili kijana wa leo asome bila kujikwaa. Nakusudia kuipinga rai hiyo pasipo kuionea. Wenye kuisema hawajui sawasawa "thou" ilikuwa nini, na kwa kutojua huko wanaifanyia "u" yetu jambo ambalo haikustahili.

Tuanze na Kiingereza, kwa kuwa ndicho kilichotolewa ushahidi. Katika zama za kale Waingereza walikuwa na "thou" kwa mtu mmoja na "ye" kwa watu wengi, na "you" ilikuwa hali ya kutendwa ya huo wingi. Mpaka hapo hapana ajabu. Ni umoja na wingi tu, kama "u" na "m" zetu. Ajabu ilianza katika karne ya 13, walipoanza kuiga adabu ya Kifaransa, wakawa humwambia mkubwa mmoja kwa neno la wengi. Bwana akawa "you". Mtwana, mtoto, mpenzi, mbwa na Mungu wakabaki "thou". Tangu hapo Mwingereza hakuweza kumsemesha mtu bila ya kwanza kumpima. Kila kitenzi cha nafsi ya pili kilikuwa mizani: ukisema "thou speakest" umeshusha au umekumbatia, ukisema "you speak" umeinua au umejitenga.

Mizani hiyo ilitumiwa kama silaha. Mwaka 1603, Walter Raleigh aliposhitakiwa kwa uhaini, mwanasheria mkuu wa mfalme, Edward Coke, alimtupia "thou" mahakamani kwa makusudi, na kila aliyekuwapo alielewa kwamba muungwana ametukanwa. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Twelfth Night, mlevi mmoja amshauri rafiki yake, anayetaka kumwandikia mtu barua ya kumchokoza, amwite "thou" mara tatu hivi, basi itatosha. Nusu karne baadaye Maquaker, wafuasi wa George Fox, wakaona kwamba kumgawia mmoja wingi na mwingine umoja ni kiburi mbele ya Mungu. Wakamwita kila mtu "thou", hata hakimu katika kiti chake, na kwa neno hilo dogo walipigwa na kufungwa. Ilipokaribia kwisha karne ya 17, watu wa mjini walikuwa wamechoka na hatari hiyo. Wakakimbilia "you" kwa wote. "Thou" ikasalia katika sala, katika mashairi, na katika vinywa vya wakulima wa kaskazini.

Kwa hiyo "thou" haikufa kwa uzee. Iliuawa na aibu ya tabaka, na ilipokufa ilikwenda na tawi zima la kitenzi, zile "-est" na "-st" zote. Ndiyo maana Mwingereza wa leo asemapo "you are", mtu mmoja aliyeketi mbele yake na umati uliojaa viwanja vya Mnazi Mmoja ni mamoja. Lugha yao ilipata hasara, na mpaka leo watu wake wanaiziba kwa viraka vya mitaani.

Sasa njoo kwetu. Toka Kunduchi na Mbweni, upite Mlingotini na Kaole hata Bagamoyo, uvuke mto Ruvu uende Winde, Saadani na Pangani, uliza popote: je, ilipata kuwa huku Mrima kwamba jumbe aambiwe kwa kiambishi kimoja na mvuvi kwa kingine? Jumbe aliambiwa "u", na mtumwa aliambiwa "u", na Mwenyezi Mungu aombwa kwa "u" hata sasa. Mtoto amwuliza babu yake "umeamkaje?", na babu amwuliza mtoto "umeamkaje?", wala hakuna aliyepanda wala aliyeshuka. Kiambishi chetu hakikupata kubeba daraja la mtu. Basi kama hakikubeba mzigo uliomvunja mgongo mwenzake, kwa hoja gani tunakizika naye kaburi moja?

Nisifahamike kwamba nasema Mrima ilikuwa nchi ya usawa. Haikuwa. Mtu anayetaka kujua ilikuwaje na asome Desturi za Wasuaheli, kitabu alichokichapisha Mjerumani Carl Velten mwaka 1903, ambacho sehemu yake kubwa ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili na akafia huko mwaka 1927. Humo daraja za watu zaonekana waziwazi: majumbe na heshima zao, waungwana, wageni, watumwa na mabwana wao. Lakini daraja hizo zilikaa katika jina la kumwitia mtu, katika salamu, katika mavazi, katika mahali pa kuketi. Tazama "shikamoo". Asili yake, kama ielezwavyo, ni "nashika miguu yako", salamu ya mnyonge kwa mwenye nguvu, ya mtumwa kwa bwana. Leo ni ya kila mtoto kwa kila mzee, na hapana anayeona aibu kuitoa. Hapo ndipo ilipo historia yetu inayofanana na ile ya "thou", na yaenda kinyume chake: wao neno la daraja walilitupa, sisi tulilitakasa tukalitunza.

Hata tulipotaka usawa kwa nguvu za siasa hatukugusa kitenzi. Maquaker walibadili nafsi ya pili. Wafaransa wa mapinduzi, katika mwaka 1793, walitaka watu wote waambiane kwa umoja. Sisi baada ya Azimio la Arusha la 1967 tuliliita kila mtu "Ndugu", na baada ya sheria ya vyama vingi ya 1992 "Mheshimiwa" likarudi likaketi mbele. Majina yamekuja na kwenda. "U" haikutikisika, kwa kuwa haikuhusika.

Wametoa wapi basi ufananisho huu? Nadhani wameusoma katika Kiingereza. Msafiri Richard Burton, aliyeanzia safari yake ya maziwa makuu pale Kaole mwezi wa Juni 1857, aliitoa tafsiri yake ya Alfu Lela Ulela tangu 1885, na ndani yake wachuuzi, majini na masultani wote wasema kwa "thou", "thee" na "thine", lugha ambayo jirani yake London hakuitamka hata akiwa na homa. Mwaka huohuo H. Rider Haggard alitoa kitabu chake cha mashimo ya Mfalme Sulemani. Humo watu wa nchi ya Wakukuana husemeshana kwa "thou", na msimulizi aeleza kwamba lugha yao ni Kizulu cha zamani, kama Kiingereza cha Chaucer kilivyo mbele ya Kiingereza cha karne ya 19. Hivyo ndivyo walivyotuona: Mwafrika na Mwarabu wakifumbua vinywa, lazima lisikike vumbi la karne tatu. Umoja wa kawaida wa lugha zetu, ambao kila mtu huutumia sokoni, ulivikwa joho la maiti.

La kuchekesha ni kwamba kitabu hichohicho Frederick Johnson alikitia katika Kiswahili mwaka 1929, kikasomwa na vizazi vya wanafunzi wetu, na "thou" yote ya Haggard ikayeyuka ndani ya "u" kama chumvi ndani ya maji. Hakuna mtoto wa shule aliyemwona mfalme wa Wakukuana akisema kizamani. Alisema Kiswahili, basi. Walakini wale waliokuja kusoma Kiingereza baadaye, wakakuta "thou" vitabuni, wakaambiwa ndiyo "wewe" ya umoja, waligeuza mlango nyuma mbele: wakahesabu kwamba "u" nayo, isimamapo peke yake bila kitenzi, lazima iwe ya kale. Biblia ikaongeza nguvu. Ile ya Kiingereza ya 1611, ikifuata njia ya William Tyndale, ilimwambia kila mmoja "thou", Mungu na Shetani na punda wa Balaamu, bila kujali daraja. Na hapo tu, nakiri, "thou" ilifanya kazi ileile ifanywayo na "u". Tafsiri yetu ya Umoja ya 1952 nayo imejaa "u" na "ndiwe" kwa sababu wakati ule ndicho kilichokuwa Kiswahili kizuri. Watu wakasikia "u" kanisani, wakasikia kwamba "thou" nayo ni ya kanisani, wakaziandikia ndoa.

Lakini hasara kubwa iko katika kile kinachowekwa mahali pa "u", na hapo ndipo nitakapo msomaji anisikilize.

Nililetewa mwaka uliopita, na mchapaji ambaye sina haja ya kumtaja, nakala ya majaribio ya hadithi za Mrima zilizotengenezwa kwa ajili ya sekondari. Katika hadithi mojawapo mgeni afika kisimani, amkuta bikizee, amwamkia, kisha amwuliza kwa adabu: "Bibi, u mwenyeji wa hapa?" Mhariri ameandika: "Bibi, wewe ni mwenyeji wa hapa?" Katika nyingine mke mgeni aamka asubuhi, amwendea mama mkwe: "U mzima, mama?" Mhariri: "Wewe ni mzima, mama?" Nikamwuliza mwanamke mmoja wa Bagamoyo, mtu mzima asiyepata kusoma isimu hata siku moja, aonaje sentensi hiyo ya mwisho. Akasema, "Huyo mkwe kaja kutafuta ugomvi."

Alisema kweli, na sababu yake si ngumu. Katika Kiswahili "u" ndiyo nafsi ya pili iliyo tulivu. "Wewe" huja pale tu msemaji atakapo kunyosha kidole: kumtenga huyu na yule, kumhimiza, kumshangaa, kumkemea, au kumpenda mno. Kila mtoto aliyelelewa pwani alipata kuchapwa kwa kumwambia mkubwa "wewe" kavukavu. "Unaniita wewe?" ni swali ambalo jibu lake ni kuomba radhi. Hata katika hadithi, aliye ndani ya nyumba ausikiapo mlango ukigongwa usiku na mtu asiyemjua, huuliza kwa ukali "Nani wewe?", lakini akisha kumkaribisha akamkalisha na kumpa maji, humwuliza "U mtu wa wapi?" Sauti imeshuka pamoja na neno. Mhariri wetu, akidhani anaondoa uzee, ameondoa upole. Ameingiza kidole cha kunyoshewa mtu katika kila kikao cha heshima.

Na hapa mfano wa Kiingereza wamgeukia aliyeuleta. Kitu katika Kiswahili kinachofanya kazi ya "thou", ile ya kutukana na ya kukumbatia, ni "wewe" lenye mkazo, na katika Kimrima na Kiunguja cha zamani "weye". "U" ndiyo inayofanana na "you". Wanaotaka kutuepusha na "thou" ndio wanaoieneza katika kila ukurasa.

Nitoe mfano kwa wale wanaopenda michezo ya kuigiza, maana Bagamoyo hawakosekani. Tangu Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa hapo mwaka 1981, mji huu umelea waigizaji wengi. Katika Julius Caesar, Bruto na Kasio wagombana hemani. Ugomvi ni mkali, tuhuma za rushwa zimetolewa, na muda karibu wote wanaambiana "you", kwa kuwa ni waungwana wanaoumizana kwa adabu. Halafu Kasio afunua kifua, atoa jambia, amtaka Bruto amchome kama alivyomchoma Kaisari, na palepale "you" yavunjika, "thou" yamiminika mfululizo. Ni kilio cha mtu aliyependa kuliko alivyopendwa. Bruto amjibu kwa "you", amwambia arudishe jambia lake. Mchezo wote wa eneo hilo umekaa katika viwakilishi viwili.

Mwalimu Nyerere aliufasiri mchezo huo mara ya kwanza mwaka 1963, akaurudia kwa marekebisho mwaka 1969 kwa jina Juliasi Kaizari; S. S. Mushi akafasiri Makbeth mwaka 1968 na Tufani mwaka 1969. Na karne nzima kabla yao, mwaka 1867, Edward Steere alikwisha kuchapa Unguja Hadithi za Kiingereza, zilizotokana na masimulizi ambayo Charles na Mary Lamb waliyafupisha kutoka kwa Shakespeare. Kila mmoja wao alikuwa mbele ya ugumu ule ule: Kiingereza cha Shakespeare kina njia mbili za kumsemesha mtu mmoja, na kiambishi cha Kiswahili ni kimoja. Mfasiri atafanyaje? Afanye kama wafanyavyo watu wa Mrima wagombanapo. Aanze na "bwana" na "ndugu yangu" na "u" tupu. Ulimi ukichacha, "bwana" idondoke. Na kifua kikifunuliwa, "wewe" iingie, moja, ya kwanza katika mazungumzo yote, na mwigizaji aiseme akimtazama mwenzake usoni. Watazamaji wa Bagamoyo watatulia bila kuelezwa kitu. Lakini ikiwa tangu mwanzo wa mchezo kila mtu alikuwa "wewe ni" na "wewe ambaye", mwigizaji hatakuwa na kitu cha kutoa pale kinapohitajika. Sarafu imekwisha kutumika kununulia njugu.

Wataniambia: watoto hawaelewi. Sikubali. Mtoto wa darasa la pili asema "uko wapi?", "upo?", "una nini?". Hizo ni "u" iliyoshikamana na "ko", na "po", na "na", wala hakuna mhariri aliyethubutu kuandika "wewe ni uko wapi". Mtoto huyohuyo aulizwa "u hali gani?" na hajibu kwamba hajaelewa lugha ya kale. Na "hujambo" ni nini ila kitenzi cha nafsi ya pili kilichokauka, "huna jambo", ambacho Watanzania wote wakitamka kila asubuhi? Ajuaye "una" anajua "u". Kilichobaki ni mwalimu asimtie hofu.

Yapo maumbo yanayohitaji maelezo, sibishi. Vitenzi vya tenzi za kaskazini vinavyoishia kwa "-ye" na "-iye" vyataka tanbihi, na Padri Charles Sacleux, aliyefanya kazi katika misheni ya Bagamoyo, aliona umuhimu wa kuonyesha lahaja ya kila neno katika kamusi yake ya 1939 hadi 1941. Mhariri wa leo na afanye kazi kama hiyo badala ya kufuta. Tena siwatetei wale wa upande wa pili, ambao wakitunga mchezo wa kihistoria humtilia kila chifu "ewe" na "weye" katika kila sentensi, hata akiomba maji ya kunywa. Hao nao wametoka darasa lilelile la Burton. Mzee wa Saadani wa mwaka 1890 alipotaka maji alisema "nipe maji".

Ninachodai ni kidogo. Hadithi za Mrima zilizokusanywa na Velten, zile ambazo Lyndon Harries alizitolea uteuzi mwaka 1965, na zile ambazo wanafunzi wetu wanaendelea kuzirekodi vijijini, zikichapwa kwa ajili ya shule, tahajia ibadilishwe ipendavyo: herufi za Kijerumani zitolewe, maneno yaliyotenganishwa yaunganishwe, vituo viwekwe. Neno geni lipewe maana chini ya ukurasa. "Uendaye" isigeuzwe kuwa "ambaye unaenda". "M wageni?" ibaki hivyo, iandikwe kwa nafasi baina ya "m" na "wageni" ili isidhaniwe kosa la chapa. Na "u" ya salamu na ya kuuliza habari isiguswe, hata mwanafunzi akiuliza ni neno gani hilo. Akiuliza, mwalimu amwulize naye "uko" ni neno gani, kisha amwachie ubao.